Samaki Naye Huishiwa Pumzi

Katika masika mazito ya miaka michache iliyopita, kijiji kimoja cha wilaya ya Momba, mwendo mfupi kutoka mjini Tunduma, kiliamka na msiba usiokuwa na matanga. Bwawa la samaki la kikundi cha vijana, lililochimbwa kwa majembe na kujazwa maji ya mfereji, lilikuwa limefunikwa na perege waliogeuza matumbo juu. Walihesabiwa wakapita mia sita. Mkopo wa kikundi ulikuwa humo majini, na mavuno yalikuwa yamebakiza majuma matano tu.

Kabla jua halijapanda, jina la mtu lilikwisha kutajwa. Mzee mmoja, ambaye shamba lake linapakana na bwawa lile, alikuwa amegombana na vijana kwa ajili ya mfereji huo huo wa maji. Tena pembezoni mwa shamba lake pameota utupa. Nani asiyeujua utupa katika nchi hii? Majani yake hutwangwa, yakatupwa mtoni, na samaki wakalewa hata mtoto mdogo akawaokota kwa mkono. Kwa hiyo ushahidi ulionekana kuwa kamili: mzee ana kinyongo, mzee ana sumu, na samaki wamekufa usiku. Kufikia saa nne asubuhi vijana walikuwa wamesimama mlangoni pake, na mmoja wao alikuwa na panga.

Niliitwa pamoja na mtendaji wa kijiji kwa kuwa nilikuwa mtumishi wa Chama katika kata ile, wala si kwa kuwa nilijua habari za samaki. Nilikuwa sizijui. Mimi nilisomea Kurani chuoni, kisha shule za Serikali, na katika vyuo vyote viwili samaki nilimkuta kwa nadra. Chuoni tulisimuliwa kisa cha Nabii Yunus tumboni mwa samaki mkubwa, na nakumbuka mwenzetu mmoja alimwuliza mwalimu Nabii alipumua vipi mle ndani. Mwalimu akamjibu kuwa aliyemwingiza ndiye aliyempumzisha. Mtoto yule, ambaye hakuwa mtovu wa adabu bali mdadisi tu, akauliza tena: na huyo samaki mwenyewe, chini ya maji, alipumua vipi? Siku ile darasa lilifungwa mapema. Sikujua kuwa swali hilo la pili lingenirudia miaka thelathini baadaye, mbele ya mlango wa mzee wa watu.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa sayansi wa sekondari ya jirani, ambaye alipita na baiskeli akaona umati. Aliuliza mambo mawili tu. Kwanza, je, kambale nao wamekufa? Maana vijana walikuwa wamechanganya kambale wachache katika bwawa lile. Tukatazama. Hakuna kambale aliyeelea. Pili, je, juzi na jana jua lilitoka? Halikutoka, ilikuwa siku ya nne ya mawingu. Mwalimu akatikisa kichwa, akaomba ndoo mbili.

Ndoo zote mbili alizijaza maji ya bwawa lile lile. Ya kwanza aliiacha kama ilivyo. Ya pili aliimimina katika ndoo tupu kutoka juu, akairudisha, akaimimina tena, mara ishirini au zaidi, mpaka maji yakatoa povu. Kisha akatia katika kila ndoo perege wawili wazima waliotoka bwawa la kijiji cha pili. Mtu akisema maji haya yana utupa, alieleza, basi samaki watakufa katika ndoo zote mbili, kwa kuwa sumu haiondoki kwa kumwagwa na kumiminwa. Lakini kama maji yamepungukiwa na hewa tu, watataabika katika ndoo moja na kuishi katika nyingine. Watu wakakaa chini kungoja. Haikupita nusu saa, perege wa ndoo ya kwanza walikuwa juu, midomo wazi, wakigugumia uso wa maji. Wale wa ndoo ya pili walitulia chini. Jioni walikuwa wangali hai.

Hapo ndipo ninapotaka kumchukua msomaji kidogo, kwa maana jambo hili la kupima pumzi ya viumbe vya majini lina historia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Binadamu anapovuta hewa, katika kila lita moja ya hewa ya pwani mna takriban miligramu 280 za oksijeni. Samaki hana bahati hiyo. Lita moja ya maji baridi ya digrii 20, yaliyoshiba hewa kabisa, hubeba miligramu 9 tu. Maji yakipata moto kufikia digrii 30, hubeba kama saba na nusu. Yakiwa ya chumvi, kama ya bahari, hupungua zaidi. Na sisi wa Tunduma, tulio zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi, maji yetu hupungukiwa na karibu sehemu moja kati ya sita ya kile yanachobeba maji ya Dar es Salaam yenye joto lile lile. Baridi ya milimani huturudishia kiasi fulani. Lakini ni dhahiri kwamba samaki huishi katika umaskini wa hewa ambao mnyama wa nchi kavu angeufia kwa dakika chache. Kwa ajili hiyo ameumbiwa matamvua, yale mashada mekundu yaliyo chini ya mashavu, ambamo damu na maji hupishana kwa kuelekeana, damu ikienda huku na maji kule, ili ile oksijeni kidogo isipotee bure.

Oksijeni hiyo ndiyo inayochoma chakula mwilini kama kuni zinavyoungua jikoni. Kasi ya mwako huo wataalamu huiita kasi ya metaboli, na njia iliyo nyepesi ya kuipima ni kupima oksijeni inayotumika. Mfaransa Lavoisier, pamoja na mwenzake Laplace, walilijua hilo tangu miaka ya 1780, walipomweka mnyama mdogo wa jamii ya panya ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake. (Lavoisier alikatwa kichwa mwaka 1794 katika Mapinduzi ya nchi yake, si kwa ajili ya sayansi bali kwa kuwa alikuwa mkusanya kodi. Makada tunapaswa kukikumbuka kisa hicho tunapohukumu watu kwa haraka.)

Kwa samaki njia ni ile ile, ila badala ya barafu hutumika maji yenyewe. Mtie samaki katika chombo kilichojaa maji na kufungwa, hewa isiingie. Pima oksijeni mwanzoni, pima tena baada ya saa moja. Kwa mfano, chombo cha lita 10 kilikuwa na miligramu 7 katika kila lita, na sasa kina 5. Samaki ametumia miligramu 20. Ikiwa uzito wake ni gramu 200, basi kila kilo ya mwili wake hutumia miligramu 100 kwa saa. Hesabu ya darasa la saba, lakini ndani yake mna mitego mingi. Samaki aliyetishwa na mkono wako hutumia hewa nyingi kuliko aliyetulia. Kwa hiyo hapana budi azoeshwe chombo kwa saa nyingi, aghalabu usiku kucha. Samaki aliyetoka kula hutumia zaidi kuliko mwenye njaa, maana kusaga chakula nako ni kazi. Joto likipanda digrii 10, matumizi huongezeka mara mbili hata mara tatu. Na kilo moja ya vifaranga hula hewa nyingi kuliko kilo moja ya samaki mkubwa mmoja, jambo ambalo wasafirishaji wa vifaranga katika mifuko hulijua kwa hasara. Kwa ajili hiyo wenye ujuzi huwanyima chakula siku moja kabla ya safari, hujaza mfuko oksijeni, na husafiri usiku kukwepa joto.

Kipimo chenyewe cha oksijeni majini tulipewa na Lajos Winkler, mtu wa Hungaria, mwaka 1888. Leo vipo vifaa vya umeme vinavyosoma kiasi cha hewa papo hapo, lakini njia ya Winkler ingali hai, na uzuri wake ni kuwa haihitaji umeme wala haimfichi mtazamaji kitu. Chupa hujazwa maji bila kiputo cha hewa, ikatiwa dawa mbili: chumvi ya manganisi, na mchanganyiko wa magadi makali na iodini. Maji yakiwa na oksijeni, hutokea tope la rangi ya kahawia. Yakiwa hayana, tope hubaki jeupe kama tui. Kisha hutiwa asidi, na kiasi kamili hupatikana kwa kudondosha dawa nyingine tone kwa tone, ukitumia wanga kuonyesha mwisho, mpaka rangi ya buluu ipotee.

Kwa vipimo vya namna hiyo wataalamu wameingia katika maisha ya viumbe ambao wazee wetu waliwajua kwa majina tu. Mwaka 1928 Homer Smith, bingwa wa elimu ya figo kutoka Chuo Kikuu cha New York, alifika Ziwa Victoria kumtafuta kamongo, samaki mwenye mapafu. Mwaka 1930 alichapisha vipimo vyake, na mwaka 1932 akaandika hata riwaya, akaipa jina la samaki huyo. Kamongo mkubwa hupata sehemu kubwa sana ya oksijeni yake kwa mapafu, na ukimzuia asipande juu atakufa maji kama mimi na wewe. Lakini ukimfukia katika tope linalokauka, hujikunja, hujitengenezea ganda la ute, na mwako wa mwili wake hushuka hadi kuwa sehemu ndogo tu ya kawaida. Huishi miezi mingi hivyo bila kula, akijichoma misuli yake mwenyewe polepole kama mwenye nyumba anayevunja kitanda kimoja kimoja apate kuni.

Kinyume chake ni yule perege mdogo wa Ziwa Magadi, huko Kenya, anayeishi katika maji ya magadi makali yanayopita digrii 40 za joto. Mwaka 2016 kundi la wataalamu, wakiwemo Wakenya, lilitangaza kuwa lilimpima katika joto lake mwenyewe, likakuta anatumia oksijeni kwa kasi inayokaribia ile ya wanyama wanyonyeshao wenye ukubwa kama wake. Huyu hana anasa ya kupumzika. Na huko Kanada, mwaka 1964, J. R. Brett alichapisha habari za bomba lake la maji yanayozunguka, ambamo samoni walilazimika kuogelea dhidi ya mkondo huku pumzi yao ikipimwa. Alikuta kuwa samaki anayekimbia kwa nguvu zake zote hutumia oksijeni mara kumi na zaidi kuliko anapotulia.

Wapo pia wasiokubali kupimwa. Mwaka 2003 wavuvi wa pwani yetu walianza kunasa silikanti, samaki wa kale ambaye hadi 1938 ulimwengu wa wataalamu ulidhani alikwisha kutoweka pamoja na majitu ya zama za kale. Kigombe, mkoani Tanga, wamenaswa wengi katika nyavu za kina kirefu, na mwaka 2009 eneo lile likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Silikanti hushinda mchana katika mapango ya chini, penye maji ya baridi. Matamvua yake ni madogo kwa mwili mkubwa namna ile, na akipandishwa juu kwenye maji ya moto mwili wake hudai hewa ambayo matamvua hayawezi kuileta. Hivyo hafi kwa majeraha tu, hufa pia kwa kukosa pumzi, na hakuna chombo cha kumfungia apimwe akiwa ametulia. Wataalamu hukadiria metaboli yake kwa kuchunguza matamvua na damu, na makadirio yao humweka miongoni mwa samaki wenye mwako mdogo kabisa. Mwaka 2021 uchunguzi wa magamba ya silikanti wa Komoro ulionyesha kuwa huweza kuishi karibu miaka mia moja, na hukomaa akiwa na miaka kama hamsini na mitano. Mwenye moto mdogo haunguzi kuni haraka. Lakini samaki wa aina hiyo akivuliwa ovyo, kizazi chake hakirudi upesi, na mvuvi wa Kigombe anapoambiwa aache kutega kule anastahili kuelezwa sababu hiyo badala ya kuonyeshwa kibao tu.

Hata dagaa anayepita hapa Tunduma kwa magunia kuelekea Zambia na Kongo ana habari yake. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, lakini oksijeni imo katika tabaka la juu tu, mita mia moja au mia mbili na kitu. Chini yake ni maji yasiyo na hewa, ambamo hapana samaki. Ziwa linapopata joto, maji ya juu na ya chini hupungua kuchanganyika, na neema huadimika. Mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka zilisimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Wafanyabiashara wa hapa walinung'unika sana. Sikuwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kitu zaidi ya tarehe.

Turudi kijijini. Baada ya jaribio la ndoo, panga liliondoka, lakini manung'uniko hayakuondoka. Kijana mmoja, mwerevu, alisimama akasema: perege waliooza nao wamekula hewa ya maji haya, utajuaje kuwa hewa ilikwisha kabla hawajafa, na si baada? Lilikuwa swali la haki, na mwalimu hakulikwepa. Alisema atalijibu kwa chupa, na kwamba maiti waondolewe wote siku ile.

Alfajiri ya siku ya tatu, kabla ya saa kumi na mbili, tulisimama kandokando ya bwawa na taa za mkono, yeye na chupa zake za maabara, mzee mwenye shamba, vijana, mtendaji na mimi. Mizoga ilikuwa imeondolewa kitambo na mawingu yalikuwa yangali pale pale. Chupa ya maji ya bwawa ilipotiwa dawa, tope lilitulia chini jeupe, likiwa na kivuli cha kahawia ambacho ungelazimika kutafuta. Mwalimu alihesabu akasema ni pungufu ya miligramu 1 kwa lita. Perege ni mvumilivu kuliko samaki wengi, lakini akikaa katika hali hiyo saa kadhaa hana njia. Kambale ana kiungo maalumu nyuma ya matamvua cha kuvutia hewa ya juu, naye hupanda, huvuta, hushuka. Utupa nao, alieleza, haumalizi hewa majini. Sumu yake, iitwayo rotenoni, huzuia mwili usiweze kuitumia oksijeni iliyokwisha kuingia, kwa hiyo kupanda juu kusingemwokoa kambale. Siku hiyo jua lilitoka. Saa tisa alasiri chupa nyingine ilitoa tope la kahawia nzito.

Sababu ikawa wazi kwa kila mtu. Mimea midogo ya kijani inayoelea bwawani hutoa oksijeni mchana penye jua. Usiku nayo hupumua na kuitumia. Siku nne za mawingu ziliifanya isitoe, na kila usiku deni likaongezeka. Chini ya bwawa palikuwa na pumba za mahindi zisizoliwa na samadi nyingi, vyote vikioza, na kuoza ni kula hewa. Na juu ya hayo yote, samaki walikuwa wengi mno.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo siku ile nililisema kwa shida. Afisa wa ugani alikuwa amewashauri vijana waweke vifaranga wachache, wawili kwa kila mita ya mraba. Mimi ndiye niliyesimama katika mkutano wa uzinduzi nikawauliza kwa sauti kubwa kwa nini waridhike na kidogo. Nilitaja Azimio la Iringa la 1972, nikataja kuzidisha uzalishaji, nikapigiwa makofi, na kikundi kikaagiza mara mbili ya kiasi kile. Nilikuwa nimeongeza midomo ya kupumua katika maji yale yale, na hesabu yake sikuifanya. Mzee aliyesimamiwa na panga mlangoni pake alikuwa hajagusa kitu.

Katika baraza la kijiji nilisema hivyo, nikamwomba radhi mzee kwa jina langu na si kwa jina la ofisi. Vijana nao waliomba radhi, wakapeleka jogoo na pishi mbili za ulezi. Mzee alivipokea. Kisha akasema, mbele ya wote, kuwa ugomvi wa mfereji haujaisha, kwa kuwa vijana huchukua maji usiku bila kumwambia. Na kuhusu jambo hilo alikuwa na haki, mtendaji akaliandika.

Bwawa lilifukuliwa tope, likapandwa vifaranga nusu ya wale wa kwanza. Maji ya mfereji sasa huingia kwa kuanguka kutoka kwenye bomba la mwanzi, yapate kuchukua hewa, na katika siku za mawingu pumba hazitupwi kabisa. Mavuno yaliyofuata yalilipa sehemu ya mkopo, si wote.

Mzee alimfuata mwalimu siku ile ya chupa akamwomba apime maji ya mto upitao chini ya shamba lake. Tope lake lilitoka la kahawia iliyokolea. Aliishika chupa kwa muda mrefu akiigeuzageuza kwenye mwanga, akataka kwenda nayo nyumbani. Mwalimu akamweleza kuwa dawa zile si za kukaa penye watoto, akaimwaga ndani ya shimo na kulifukia.